Kambale Mwenye Hakukuwa Wetu

Kahindo mama,

Sikuulize salamu, juu uko mu chumba ya pembeni na niko nakusikia vile unapigana na fermeture, ile zipu ya valise yako. Mi pia niko muzima. Ni goti tu yenye inanisumbua, mais wewe unajua ile goti: inaumaka tu siku kuko kitu ya kubeba.

Usishangae kuona papa yako anaandika. Nilifika darasa ya ine. Sikutoka masomo juu ya kukosa akili, nilitoka juu fimbo ilikuwa inaingia mingi kuliko akili. Fasi nimekosea, soma tu na sauti, utasikia nilitaka kusema nini.

Kesho asubui unashuka Beni. Mambo ya maji ya kuchemusha, ya kulala mu neti, ya kutoongea na basoda benye bunduki, mama yako amekwisha kuyasema tangu juzi, na kesho atayarudilia mupaka gari iondoke, na gari ikisha kuondoka atamuambia jirani. Mi siongeze kitu pale. Kuko tu neno moja uliniuliza na sikujibu.

Ilikuwa siku ya yenga, kisha misa. Nyumba ilijaa batu benye bananusaka bugali yetu tangu ku mulango ya kanisa. Mbele ya bote ukasema: «Papa, unanikubalia niende, ao haunikubalii?» Na mi nikajibu: «Leta kwanza chumvi.» Batu balicheka. Wewe haukucheka. Ulileta chumvi, ukaiweka pembeni ya sahani yangu, ukasimama unangoja. Mi nikakula. Tangu ile siku haukuuliza tena, mais kila tukikutana mu njia ya katikati ya nyumba naona bado unangoja.

Haraka yako naielewa. Kaka yangu mukubwa Kambale amekuwekea kiti ku Kasindi, mu bureau yake ya kupitisha bitu ku douane ya mupaka. Kiti yenye inazunguka, ventilateur ya kupepea juu, mushahara kila mwisho wa mwezi. Anataka jibu mbele ya kesho, juu kuko mutoto wa mutu mwingine mwenye anaiangalia kiti ileile. Wewe unasema hapana, unataka hospitali ya Beni, uuguze bagonjwa benye hawana mutu, na wasikulipe. Mama yako anasema Kasindi. Shangazi zako banasema Kasindi. Padri anasema tulombe kwanza, maana yake Kasindi. Nimebakia mi peke yangu, na wewe umesema wazi: papa akikataa, siendi.

Siku ya kwanza ulisema jina ya ile kazi, «bénévole», mi nilisikia «bien vole». Mu kifaransa yangu ya kuokota-okota, ile ni kuiba muzuri. Nikajiuliza: mutoto wangu amesoma miaka yote ile, na hospitali inamuita aende aibe muzuri? Nikaona afazali Kasindi, kule hata kuiba banalipa. Basi umenifasiria kama ni kutumika bure kwa kupenda kwako, nimeelewa. Na njo nimekumbuka kama hiyo kazi mi niliifanyaka mbele yako, bila jina, na bila kupenda. Nilianza kwa kukosea. Kaa ku kitanda, nikuhadisie. Valise itakungojea.

Unajua vile kwetu Banande jina ni foleni. Kijana wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, kama mi. Mutoto mwanamuke mwenye anakuja kisha bijana tupu ni Kahindo, kama wewe, mwenye amegeuza foleni. Mu nyumba ni jambo muzuri, mutu anajua nani alifika mbele ya nani ku sahani. Ku hospitali ni balaa. Simama siku moja ku mulango ya salle ya bagonjwa banaume, uite «Kambale!» Nusu ya salle itainua kichwa, na mwenye anakata roho atainua kidole.

Nilikuwa kijana, sijaoa, napasua mbao kule Lubero. Asubui moja baliniita ku phonie ya parokia, ile radio yenye ilikuwa inakwaruza kama kuku juu ya bati. Sauti ikasema: «Kambale ameanguka, eko ku hospitali Beni, kuja mbio.» Kisha ikakatika. Sasa, yaya Kambale, kaka yangu mukubwa, alihamia Kasindi wakati mi nilikuwa bado natoka makamasi, na hakurudi, hata mama yetu alipokufa. Nikafunga chungu, unga, mukeka na blanketi, nikapanda juu ya camion ya biazi.

Ku mulango ya hospitali nikakuta santineri, mulinzi.

— Natafuta Kambale.

— Kambale gani?

— Mwenye ameanguka.

— Ah, ule! Ingia salle ya kwanza, kitanda ya mwisho, chini ya dirisha.

Nikakuta mutu bamemufunga kichwa yote na bandage. Taya imefungwa, pua imefungwa, kunaonekana tu jicho moja, na yenyewe imevimba kama tunda ya maracuja. Nikalia. Nikamushika mukono: «Yaya, ni mi Kasereka. Nimefika.» Ile jicho ikanitazama sana, sana. Kisha ikajifunga. Nikasema mu roho: furaha imemuzidi.

Nikaanza kazi ya garde-malade. Utaiona kule, haijabadilika: munganga anapana dawa, mais chakula, maji, kufua, kumugeuza mugonjwa asioze mugongo, ile ni ya jamaa yake. Mwenye hana jamaa anaangaliaka chungu ya jirani. Nilipika uji nyuma ya hospitali, mu moshi, na bamama benye balinicheka vile nashika mwiko. Nilimunywesha pole-pole, pembeni ya ile taya. Nililala chini ya kitanda yake.

Nilimuosha. Miguu ya yaya Kambale niliikumbuka myembamba kama ya korongo, na ile ilikuwa minene. Nikasema: kumbe Kasindi kuko nyama. Ku tumbo kulikuwa kovu yenye sikujua. Nikasema: biashara iko na mambo yake. Mutu akisha kuamua, Kahindo, hakuna kitu itamushinda kufasiria.

Na juu hakuweza kujibu, niliongea. Oh, niliongea! Nilimutukana juu ya miti ya papa yetu yenye alikatisha bila kutuuliza. Nilimulilia juu ya mama, vile alikuwa anaangalia njia mupaka siku ya mwisho. Nikamusamehe. Kesho yake nikakumbuka kitu ingine, nikarudisha musamaha, nikamutukana upya. Wakati matusi ilinipungukia nikaanza kumuhadisia habari ya mbuzi ya katekista, yenye ilikulaka maua ya altare mbele ya askofu kufika. Ile jicho ilikuwa inanifuata bila kupepesa.

Nikiwa katikati ya mbuzi, nikasikia béquilles, fimbo za kutembelea, inakuja: ko, ko, ko. Mutu akasimama ku mulango, muguu moja imefungwa mu plâtre.

— Kasereka! Mujinga mukubwa!

Nikageuka. Ilikuwa uso ya papa yetu, na hasira ya papa yetu.

— Yaya?

— Niko hapo! Mu salle ya pili, nyuma ya hii ukuta! Nalombaka batu makoko ya bugali kama mbwa ya soko, na wewe uko hapa unanywesha uji mutu wa batu!

— Na huyu... ni nani?

— Mi nitajua wapi? Muulize mwenyewe!

Mutu mwenye taya yake imefungwa, atajibu na nini? Salle yote ilikufa na kicheko. Mumoja mwenye balimupasua tumbo alikuwa anashika mushono na mikono mbili, analia: «Muache, muache, mutaniua!»

Sasa tunafika fasi yenye mama yako hapendaka niseme. Nilifanya nini? Nilichukua chungu. Kikombe ilikuwa tayari ku mudomo ya ule mutu, na nilimuondolea kikombe. Nikavuta blanketi yangu kutoka juu yake, nikakunja mukeka, nikamufuata mukubwa wangu. Sikumuambia hata neno moja. Aibu ilikuwa, ndiyo, mais kuliko aibu ilikuwa hasira. Nilimukasirikia kama mutu mwenye aliniiba. Aliniiba nini? Ni mi nilimuita yaya.

Jioni nikarudi kutafuta kijiko yangu. Alikuwa ameelekea ukuta. Hakuna mutu alikuwa amemupa kitu tangu asubui. Njo nikaelewa kitu yenye inanichoma mupaka leo. Mbele nifike, majirani ya kitanda balikuwa bakimugawia kidogo-kidogo, huyu kijiko, huyu kijiko. Mi nilipofika baliacha, juu sasa alikuwa na mutu wake. Na mi nilipomuacha, mukono yao ilikwisha kusahau njia.

Nikasema ku mugongo yake: «Samahani. Nilizania wewe ni wa kwetu.»

Akageuka pole-pole. Akainua mukono, akaweka bidole mbili juu ya kichwa, kama pembe. Kisha akazungusha mukono: endelea. Mbuzi, Kahindo! Hakunilomba uji, hakuniuliza sababu. Alitaka kujua kama askofu alikuta maua.

Nikavuta kiti. Nikaleta uji yenye mukubwa wangu alibakisha, nikamaliza habari ya mbuzi. Alicheka na pua, juu hakukuwa fasi ingine ya kuchekea, na bandage ikaloa damu kidogo. Mamasera, sista mwenye alikuwa anaongoza salle, akakuja mbio, na macho yake ya kunipiga.

— Wewe uko wa salle gani?

— Mamasera, sasa niko wa yote mbili.

— Uko na bagonjwa ngapi humu ndani?

— Mumoja wa jamaa, na mumoja wa kukosea.

— Donc uko na nguvu. Unaona bale mu kona? Bale hawana hata wa kukosea. Beba bassin ya kuoshea.

Hivyo njo niliingia bénévole. Hakuna mutu aliniuliza kama napenda. Nilibeba bassin, nilibeba maji, nilibeba mufu mumoja na bazima bengi. Mukubwa wangu kule salle ya pili alipiga makelele kila uji ikichelewa, na majirani yake bakazoea kusema: «Ule Kambale mwingine amekula mbele.» Haijamutoka ku roho mupaka leo.

Nimefikiri sana juu ya ile kikombe. Siku zote zenye sikujua, nilikuwa mutu muzuri. Siku nilijua, njo nikakuwa mubaya. Kama ningebaki mujinga kidogo zaidi, ningekuwa mutakatifu. Batu banapenda kusema ukijua utafanya vizuri. Mi nilijua, nikabeba chungu.

Kuko kitu ingine sijamuambia mutu. Mu ile kona kulikuwa muzee mumoja wa milimani, mwenye hakuna mutu alijua njia ya kwake. Kila asubui alikuwa ananiuliza: «Kijana, leo ni yenga?» Ninajibu hapana. Asubui moja nilikuwa nimechoka, bassin mukononi, nikajibu ndiyo ili anyamaze. Haikukuwa yenga, hata karibu. Akalomba nimuvalishe shati nyeupe yenye alikuwa anaficha chini ya kichwa. Nikamuvalisha, nikafunga na kifungo ya shingo. Alikaa vile siku nzima, musafi, anasalimia batu. Mbele giza iingie alikuwa amekufa na ile shati. Sijui mupaka leo kama nilimudanganya ao nilimupa kitu. Utakutana na mambo ya vile. Ukipata jibu, uniandikie, mais usiandike kama padri.

Na bengine batakutukana. Mugonjwa mwenye maumivu hana adabu, na ni vizuri, maana yake bado eko na nguvu ya kutukana. Kuko bale batakuambia «wasingya», asante, ukiwapa maji, kisha batauliza kwa jirani kama wewe hauna kazi. Usikasirike. Mi pia nilikuwa najiuliza. Na usijitie malaika. Ukichoka, sema umechoka. Ukisikia harufu mbaya, kunja uso kidogo, bagonjwa banajua wenyewe kama bananuka, na mwenye anajifanya hasikii anabaogopesha. Mwenye hawezi kujibu, muongeleshe kuliko bote. Mais chunga maneno: bale njo banasikiaka.

Sasa, mama yako. Najua alikuambia tulikutana mu chorale ya kanisa. Ni kweli, tulikutana mu chorale, nyuma. Ya kwanza ilikuwa hivi. Ule Kambale wa kukosea alikuwa ameanguka ku muti ya mawese, anakata matunda yake, huko Eringeti. Njia ilikuwa imeharibika na mvua, na dada yake alifika wakati mi nilikwisha kuzoea. Aliingia mu salle na kitunga juu ya kichwa, akakuta kijana hamujui ameinama, kitambaa mukononi.

— Eh! Weye! Unatafuta nini ku matako ya kaka yangu?

— Ninamusafisha.

— Nani alikutuma?

— Phonie.

Alinitazama kama mutu mwenye kununua ndizi. Kisha akatua kitunga, akaninyanganya kitambaa, akasema: «Ona vile hajui hata kusafisha.» Ule njo Masika, mama yako, na bado anarudilia ile neno kila nikiosha sahani. Na ule kaka njo noko wako, mujomba wa Eringeti, mwenye taya yake inaendaka upande akitafuna mahindi. Sasa umejua juu ya nini akiniona anawekaka bidole mbili ku kichwa. Wewe ulizania ni wazimu.

Basi. Leo mu muchana, wakati ulienda kuaga barafiki, nilipiga simu Kasindi.

— Yaya, ile kiti mupatie ule mutoto mwingine.

— Kasereka, uzee imefika ku akili? Mutoto atumike bure?

— Bure kabisa.

— Kulisha batu benye hajui?

— Benye hajui. Na anajua mapema kama si ba kwao.

— Wewe na nyumba yako! Mi mupaka leo bado nasikia ile njaa!

— Najua, yaya, unaniimbia kila mwaka. Ule mwingine nilimuondolea kikombe ku mudomo, hajanisema hata siku moja.

 Nyuma yake macamion ilikuwa inapiga honi ku barrière ya mupaka.  Kisha akasema, na ile sauti yake ya kukemea: «Mupatie namba yangu. Makala ya kupikia ikikosa kule Beni, aniite. Na umuambie apite salle ya pili pia!» Akakata yeye mwenyewe. Donc upande wa Kasindi imekwisha, na haukugombana na mutu. Mi nimegombana mu fasi yako, na ilinifanya vizuri.

Mama yako nilimusomea kipande ya hii barua, ile ya matako niliruka. Alikuwa anachambua madesu, maharagi ya jioni. Akachambua mupaka akamaliza, bila kuinua kichwa. Kisha akasema: «Aende. Mais umuambie asituletee bwana mwenye amemukuta na bassin. Mumoja anatosha mu jamaa.» Macho yake ilikuwa na maji. Akasema ni moshi, na moto ilikuwa haijawashwa.

Unaona, bote bamejibu, na mi bado nazunguka. Utasema ni tabia yangu. Kahindo, haikukuwa juu ya mushahara, wala juu ya njia, hata kama njia naiogopa kama mutu yeyote. Hii nyumba, tangu bakaka zako batoke, ni wewe unanikemeaka. Ni wewe unacheka mbele nimalize kusema. Mama yako amekwisha kuzoea mizaha yangu, anaicheka kesho yake. Nilijua neno yangu ikisha kutoka, utabeba valise. Na mutu mwenye anangoja jibu yako, hata akiwa na hasira, bado eko nyumbani. Basi nikakulomba chumvi. Ningekulomba na pilipili, na maji, na kiti, na gazeti ya kifaransa yenye sijui kusoma, ili usimame pale siku moja zaidi.

Nitapitisha hii karatasi chini ya mulango yako. Ukimaliza kuisoma usitoke kunikumbatia, nitakuwa nimelala. Ao nitajifanya nimelala, na wewe utajifanya umeamini, kama batu wenye adabu.

Jibu ni ndiyo. Nimeiandika na wino, haifutike hata nikitaka. Enda, mama.

Papa yako,
Kasereka